Dishi la Chungwa

Nyumba yenye runinga moja na wakubwa wawili haikosi vita. Hii ilikuwa na wakubwa watatu, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa na breki mdomoni.

Runinga ilinunuliwa na Kitinda, binti wa mwisho, aliyekuwa akipokea simu katika kampuni ya mizigo. Ilikuwa pana kuliko kabati lililoibeba, ikabidi vikombe vya wageni vihamie jikoni. Muuzaji alimwambia waziwazi kwamba runinga ya aina ile bila king'amuzi cha HD ni sawa na kumnunulia kipofu kioo. Basi likabaki suala la dishi, na mjini pale kampuni za dishi zenye picha ya HD zilikuwa mbili tu. Watu waliziita kwa rangi za fulana za mawakala wao, Kijani na Chungwa.

Baba mwenye nyumba alikuwa mchinja nyama, na mtaa mzima ulimwita Bucha. Alikuwa na mabega ya kubebea nusu ya ng'ombe na hasira ya ng'ombe mzima. Yeye alitaka Kijani, kwa sababu Kijani ndiyo yenye mpira.

"Kwa HD ya Kijani unaona mpaka jasho la golikipa," alisema huku akitafuna.

"Jasho la golikipa litakusaidia nini?" mkewe akamuuliza.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule pale barazani. Alitaka Chungwa. Alipoulizwa sababu alisema ana hamu ya tamthilia zao. Huo ulikuwa uongo, na kila aliyekaa pale mezani aliujua. Chungwa ndiyo yenye ngumi, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, katika nchi ya mbali, bondia anayeitwa Kisiki angepanda ulingoni kugombea mkanda. Kisiki alikuwa mtoto wao wa kwanza, na jina lake lilikuwa halitajwi mle ndani.

Bucha ndiye aliyelipiga marufuku. Zamani majirani walimwita Baba Kisiki kama ilivyo ada, na mkewe Mama Kisiki. Kijana alipoondoka, Bucha alitangaza kwamba tangu siku hiyo yeye ni Baba Kitinda, na atakayekosea atamkuta. Majirani wakazoea. Mke hakuzoea, alinyamaza tu, na kunyamaza si kuzoea.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi, kwani ukatili hauhitaji maelezo mengi. Kijana alisahau kufunga mlango wa chumba cha baridi pale buchani, nyama ikaharibika. Bucha akachukua chuma cha kunolea visu akampiga nacho usoni, juu ya jicho la kushoto. Nyusi ikapasuka mpaka mfupa ukaonekana. Hospitalini muuguzi aliuliza, kijana akamtazama mama yake, mama akajibu kwa niaba yake: amegonga mlango wa chumba cha baridi. Muuguzi hakuamini lakini alishona. Alishona vibaya, kwa haraka, ncha ya mwisho ikabaki imekunjana, na fundi cherehani aliyesimama pale na damu ya mwanawe kwenye kanga yake aliuona ubaya wa mshono ule na hakuweza kuusahau. Bucha yeye alilala usingizi. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," ndivyo alivyosema. Kabla wiki haijaisha kijana alikuwa ameondoka, na tangu hapo mama yake alikuwa amemwona kwenye simu ya Kitinda tu, uso umevunjikavunjika vipande vya mraba kama kitambaa kibovu. Kwenye simu ile hakuweza kujua kama mwanawe amenenepa au amekonda, wala kama lile kovu lilipona.

Hilo tu ndilo alilolitaka, kuuona uso wa mwanawe sawasawa. Kitinda alimwambia waende kwenye baa yenye Chungwa, akakataa. Alisema mwanawe atamwona kwake, ameketi kwenye kiti chake, si amesimama katikati ya walevi.

Sasa sikiliza ujanja wa watu wa nyumba moja. Bucha aliona awahi, akampigia simu wakala wa Kijani kimyakimya. Mkewe naye aliona awahi, akampigia wa Chungwa. Wote wawili wakapangiwa asubuhi moja.

Wa Kijani alikuwa mwanaume mrefu mwenye tai na viatu vya kung'aa. Wa Chungwa alikuwa mama mmoja mfupi, mnene, spana imening'inia kiunoni. Walikutana sebuleni wakatazamana kama majogoo waliofungiwa tenga moja. Paa la nyumba lilikuwa na mlingoti mmoja tu wa chuma, na mlingoti mmoja hubeba dishi moja.

"Shemeji," wa Kijani akaanza, akimgeukia Bucha, "hao HD yao iko kwenye karatasi. Ukiwasha unaona ukungu."

"Na dishi lao wingu likipita linalala kabla ya kuku," wa Chungwa akajibu. "Mama, muulize kama king'amuzi chao kinarekodi. Muulize!"

"Kinarekodi!"

"Kinarekodi malalamiko ya wateja."

Bucha akacheka. Alipenda ugomvi wowote usiokuwa na hatari kwake. Wa Kijani akakasirika, akainama akauchomoa waya kwenye mkoba wa mwenzake ili asipande juu. Hapo ndipo alipokosea. Yule mama alilinyanyua dishi lenyewe kwa mikono miwili akamshushia utosini, likalia kama sinia lililoanguka kisimani. Wa Kijani akapepesuka, akamshika yule mama fulana, wakaangukia wote meza ya kioo. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi siku ile ilikuwa meza waliyopewa siku ya harusi. Vioo vikatawanyika mpaka chini ya kabati. Wa Kijani akampiga mwenzake teke la paja, wa Chungwa akamng'ata mkono na kuung'ang'ania kwa meno, na damu ikatiririka kwenye kitambulisho cha shingoni chenye picha ya mtu anayetabasamu.

"Basi!" fundi cherehani akapaza sauti. Akamnyooshea kidole yule mama aliyekuwa amelala juu ya vioo. "Huyu ndiye atakayefunga. Wewe wa tai, nenda ukafungwe jeraha."

Kicheko cha Bucha kikakatika.

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Nyumba hii ya nani?"

"Yetu. Na Jumamosi natazama Chungwa."

Bucha akanyanyua mkono. Mkewe aliujua mkono ule, alijua unakotokea na unakotua, na mwili wake ulishaanza kujikunja wenyewe kabla hajauambia. Lakini mkono haukushuka. Kitinda alikuwa amesimama mlangoni na pasi ya mama yake, ile nzito ya kunyooshea sare, moto, waya ukiburuzika nyuma yake.

"Baba," akasema, "huo mkono ushushe mwenyewe."

Bucha aliitazama pasi, akamtazama binti yake. Pengine alikuwa anamwona kwa mara ya kwanza. Akaushusha mkono, akautia mfukoni, akatoka.

"Mtaona," alisema akiwa tayari uani.

Basi dishi la Chungwa likapanda, limebonyea kidogo pale lilipokutana na kichwa cha wa Kijani. Yule mama alikuwa juu akiligeuza kwa spana huku akichechemea, na fundi cherehani alisimama dirishani akitazama runinga na kumpigia kelele, kama ilivyo kazi ya kila anayefungiwa dishi.

"Haipo!"

"Na sasa?"

"Imekuja! Imepotea. Rudi, rudi ulikotoka. Hapo! Hapo hapo!"

Wakala alichukua kalamu nzito nyeusi akachora mstari kwenye mlingoti, mahali mkono wa dishi ulipokaa. Akamwambia fundi cherehani: hapa ndipo, likisogea upana wa kidole tu, huna picha. Mama mwenye nyumba alipanda ngazi mwenyewe, kwa umri wake, akautazama ule mstari kama anavyotazama alama ya chaki kwenye kitambaa kabla ya kutia mkasi.

Jumamosi ilifika. Huko walikokuwa mabondia ilikuwa usiku, hapa ilikuwa mchana kweupe, jua likichoma mabati. Bucha alikuwa kazini, au ndivyo walivyodhani. Mama alivaa nguo yake ya kutokea. Kitinda alimcheka: "Mama, yeye hakuoni." Akajibiwa, "Najua. Mimi ndiye ninayejiona."

Picha ilikuwa safi kweli. Walionekana watu wa safu za nyuma kabisa wakitafuna, na nyuzi za kamba za ulingo zilizoanza kuchakaa. Kisha taa zikazimika ukumbini, muziki ukapigwa, na akatokea mtu mwenye joho la kofia akirukaruka kwenye njia. Mama alinyanyuka kutoka kwenye kiti chake, mkono mdomoni.

Mlango ukasukumwa. Ni Bucha, amevaa aproni yenye damu, shoka la kukatia mifupa mkononi.

"Zima."

"Sizimi."

"Nimesema zima hiyo takataka!"

"Takataka hiyo umeizaa wewe," mama akasema bila kugeuka.

Bucha alimsukuma. Mama alianguka ubavu kwenye mguu wa kiti, pumzi ikamtoka. Kitinda akamrukia baba yake mgongoni, akamkwaruza shingo mpaka kucha zikazama, naye akamtupa kama gunia. Rimoti aliibamiza ukutani. Lakini runinga hakuigusa, kwa sababu shoka lilipokuwa juu, pale kwenye kioo yule mtu alivua kofia ya joho lake. Bucha aligeuza uso upesi. Mwanaume aliyezoea kumtazama fahali machoni kabla ya kumchinja hakuweza kuutazama uso ule, hata wa kwenye kioo. Akatoka mbio. Wakasikia ngazi inalia, kisha mabati, kisha shoka juu ya chuma.

Pigo moja, na picha ikatetemeka. Pigo jingine, na runinga ikawa nyeusi, maandishi meupe yakisema hakuna mawimbi.

Mama alitoka uani ameshika ubavu. Huko juu mume wake alikuwa amesimama kwenye jua, anahema. Mkono wa dishi ulikuwa umekatika nusu, dishi limeinama linaning'inia kwenye skrubu moja. Kinyozi wa nyumba ya pili na mkewe walikuwa wameshachungulia ukutani, na nyuma yao vichwa vingine vilikuwa vinaongezeka.

Mama alikwenda kwenye ngazi, akaikumbatia, akaivuta. Ikaanguka chini kwa kishindo, vumbi likaruka.

"Wewe! Rudisha ngazi!"

"Lishike dishi."

"Umerukwa na akili?"

"Mlingotini kuna mstari mweusi. Mkono wa dishi uupeleke kwenye mstari. Lishike hapo."

"Nitaruka!"

"Ruka," mama akasema. "Ukivunjika mguu, hospitalini tutawaambia umegonga mlango."

Watu wa ukutani hawakuelewa, wakatazamana. Bucha alielewa. Jua lilimpiga kichwani, mabati yakimchoma miguu kupitia ndala, na hapo chini alisimama mwanamke aliyeishi naye miaka yote hiyo akidhani anamjua. Shoka likamtoka mkononi likateleza mpaka kwenye mfereji wa maji. Akapiga goti moja, akalikumbatia dishi, akalinyanyua.

Mama alirudi dirishani.

"Haipo! Panda juu kidogo. Zaidi. Umepita! Rudi. Taratibu, hiyo si nyama. Hapo! Usipumue."

Picha ikarudi, na raundi ilikuwa imeshaanza.

Mpinzani wa Kisiki alikuwa jitu lenye shingo pana kuliko kichwa. Lilimsukuma kwenye kona na kumporomoshea makonde ya mbavu, na kila konde lilimfanya mama aushike ubavu wake mwenyewe. Kisiki alijibu kwa ngumi ya kutoka chini iliyolivunja pua lile jitu. Damu ikaruka, na kwa picha ile hukuweza kujidanganya kuwa ni maji. Walipigana kama watu waliotaka kumaliza jambo. Mtangazaji aliishiwa maneno akabaki anaguna. Kitinda alilia na kushangilia kwa pamoja, mdomo wake umevimba pale alipoangukia.

"Vipi?" sauti ikauliza kutoka juu.

Macho ya mama hayakubanduka kwenye kioo.

"Nauliza vipi? Anapiga au anapigwa?"

"Vyote," mama akasema dirishani.

"Mwambie anyanyue mkono wa kushoto! Tangu utoto anauacha chini!"

"Hasikii, Baba Kisiki. Na ulipokuwa naye hukumwambia, ulimpiga tu."

Aliitwa Baba Kisiki mbele ya mtaa mzima na hakubisha. Alishusha na goti la pili, na picha ikatetemeka.

"Nishuke na mimi nimtazame," akasema baadaye, kwa sauti ambayo kinyozi alikuwa hajaisikia kwake. "Kidogo tu."

"Ukiliachia, inakatika. Hutamwona wewe wala mimi. Umelivunja mwenyewe, lishike mwenyewe."

Raundi ikaisha, nyingine ikaanza. Lile jitu lilirusha ngumi ya kuzungusha ambayo haikuwa hata na nguvu, likampata Kisiki juu ya jicho la kushoto. Kamera ikasogea karibu. Mama akauona. Ulikuwa mshono ule ule, na ncha ya mwisho iliyokunjana, na ulifunguka taratibu kwenye mstari wake kama pindo lililoshonwa na mtu mvivu. Damu ikaziba jicho. Kisiki akaipangusa kwa glovu, ikarudi. Akapangusa tena, akapigwa palepale, akapigwa tena palepale, na hakuanguka, kwa kuwa hakuitwa Kisiki bure. Mwamuzi akaingia katikati. Daktari akapanda, akashika ile nyusi kwa vidole viwili, akatikisa kichwa.

"Kumetokea nini?" Bucha akapiga kelele. "Mbona kimya? Ameanguka?"

"Amesimama. Wamemzuia. Limefunguka."

"Nini?"

"Lile la kwako."

Juu, mabati yalilia chini ya magoti yake. Lakini picha haikupotea.

Mtangazaji mwenye kipaza sauti alipita chini ya kamba akamfikia Kisiki, aliyekuwa ameketi kwenye kibao, taulo begani. Uso wake ukajaa runinga nzima, na mama akasogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Aliona kwamba amekonda mashavu, jino la pembeni halipo, nywele mbili tatu kidevuni zimekuwa nyeupe mapema. Aliona kope zake, zilizokuwa ndefu tangu siku aliyozaliwa, zimegandana kwa damu. Aliweka kidole chini ya lile jeraha, juu ya kioo chenye joto.

"Ulikuwa unaongoza," mtangazaji alisema. "Kovu la zamani ndilo lililokunyima mkanda. Ulilipata wapi?"

Kisiki alitazama kamera. Jicho moja lilikuwa limefumba.

"Niligonga mlango," akasema. "Nilipokuwa kijana. Mlango wa chumba cha baridi."

Mama alitoa kidole kwenye kioo. Alikuwa amemfundisha uongo ule siku moja tu, kwenye benchi la hospitali, na mtoto alikuwa ameubeba mpaka huko, akausema na damu mdomoni, mbele ya dunia nzima, bila kukosea neno.

"Amesema nini?" Bucha aliuliza juu. "Nimesikia sauti yake. Amesema nini?"

Mama alitoka uani. Jua lilimpiga machoni akaweka kiganja kwenye paji. Mume wake alikuwa amepiga magoti, kifua kimebanwa kwenye dishi, aproni imelowa jasho, shingo ina mistari ya kucha za binti yake. Ukuta wote ulikuwa umejaa vichwa.

"Amesema aligonga mlango."

Uso wa Bucha ulikunjamana. Akaegemeza paji la uso kwenye bati la dishi, mabega yale mapana yakaanza kutikisika.

"Maskini, kumbe ilikuwa ajali," mke wa kinyozi akasema kwa huruma.

Mama akamgeukia. Alikuwa na maumivu ubavuni na pumzi ilikuwa fupi, lakini sauti yake ilifika mpaka ukuta wa mwisho.

"Hapana, jirani. Mlango ule haujawahi kumpiga mtu. Aliyempiga ni yule pale, aliyeshika dishi."

Vichwa vyote vikanyanyuka kutazama paa, na mikono ya Bucha ikalegea. Dishi liliinama polepole, likazunguka kwenye skrubu yake moja, likang'oka, likateremka kwenye mabati na kuanguka uani, ubavuni mwa ngazi.

"Mama!" Kitinda aliita kutoka ndani. "Picha imekatika!"

"Iache," mama akasema. "Nimeshamwona."